Picha za wanaume, wachoraji mashoga, na yule mtu wa katikati

Wale mnaonijua mnajua kazi yangu ni kutia picha fremu, hapa London, duka dogo la mtu si langu, na kwa sababu zisizojulikana (haya, zinajulikana, mtaa wenyewe na mwenye duka ni vile alivyo, na mimi pia ni vile nilivyo) karibu nusu ya kinachoingia pale ni wanaume uchi. Wa mkaa, wa rangi ya mafuta, wa kamera, waliolala, waliosimama, walioinama wanafunga viatu. Zamani wateja walikuwa wanazitoa galari au kwa mnada, sa hizi nyingi zinakuja kwa posta, zimenunuliwa kwenye hizi tovuti ndogo ndogo zinazouza sanaa ya miili ya wanaume kutoka kwa wasanii mashoga, na mara nyingi mimi ndo wa pili kuiona baada ya mwenyewe kufungua kifurushi. Kwa hivo maoni ninayo, mengi. Na kwa kuwa kuna watu wameniuliza DM kama masoko haya ni ya kuaminika, na mmoja wao ni mchoraji wa kule nyumbani anaetaka kuuza, acha niandike mara moja nimalize.

Kwanza mtoe kichwani hilo wazo kwamba hii biashara imeletwa na intaneti. Ilikuwepo kabla babangu hajaoa. Mwaka 1951 jamaa mmoja wa Los Angeles, Bob Mizer, alianza kutoa kijarida kidogo kinaitwa Physique Pictorial. Juu juu ni jarida la mazoezi, vijana wenye vifua, afya njema, mambo ya Wagiriki wa kale, lakini kila aliyekiagiza alijua anaagiza nini. Ukikiangalia vizuri ilikuwa ni katalogi ya duka, unaona picha, unaona bei, unatuma pesa kwa barua na wewe unaletewa bahasha. Wachoraji walipitia humo humo. George Quaintance, aliyekuwa anachora makauboi wanaong'aa kwa jasho bila hata doa la vumbi, alikuwa na wateja wake wa posta, na 1957 ikatokea kazi ya mtu kutoka Finland, wakata magogo wamesimama juu ya magogo mtoni, wamejaa misuli na kucheka. Jina lake halisi ni Touko Laaksonen, akijiita Tom, Mizer akamwongezea nchi, na ndo akawa Tom of Finland mpaka leo. Mchana alikuwa mtu wa matangazo ya biashara Helsinki, suti na tai, hizi nyingine anachora akirudi nyumbani.

Sasa fikiria mnyororo wenyewe ulivokuwa. Mchoraji yuko Helsinki, mchapishaji yuko California, mnunuzi labda ni mwalimu wa shule kwenye kijiji cha Ohio anaetetemeka asije karani wa posta akajua kilichomo. Na posta ilikuwa na sheria upande wake! Sheria ya Comstock ya 1873 ilikataza kupitisha mambo ya aibu kwa posta ya Marekani, na Mizer mwenyewe aliwahi kupelekwa mahakamani kwa ajili ya picha zake. Mpaka 1962 ndo Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema majarida ya aina hio hayafikii kiwango cha uchafu wa kisheria. Kesi inaitwa MANUAL Enterprises dhidi ya Day, na huyo Day alikuwa Posta Masta Jenerali wa nchi nzima. Yaani hapakuwa na polisi wa maadili wala padri kwenye jina la kesi, ni muuzaji na mtu wa posta.

Hilo mimi ndo naliona mpaka leo kwenye hii biashara, na nitalirudia mpaka mchoke: mchoraji na mnunuzi hawakosekani. Watu wa kuchora wapo, watu wa kununua wapo, pesa ipo. Anaeharibu kila mara ni yule aliye katikati, anaebeba barua, anaebeba pesa, anaebeba picha kwenye kioo cha simu. Yeye ndo anaamua.

Na hata ikipita salama, mchoraji alikuwa hapati kitu. Kazi za Laaksonen zilikuwa zinanakiliwa ovyo na kila mwenye mashine, na 1973 alipofanya maonyesho yake ya kwanza Hamburg, michoro iliibiwa yote ukiacha mmoja tu. Mmoja! Mimi ningeacha kuchora nikauze mahamri. Yeye akaacha kazi ya ofisi mwaka huo huo, na 1979 akafungua kampuni na rafiki yake Durk Dehner kupigania haki za kazi zake, halafu 1984 wakaanzisha Tom of Finland Foundation, Los Angeles, ambayo ipo mpaka sasa kwenye nyumba ya mtaa wa Echo Park, inatunza kazi zake na za wengine wengi wa aina hio, na inauza pia. Amekufa 1991. Mwaka 2006 jumba la sanaa la MoMA la New York likapokea michoro yake mitano, na 2014 posta ya Finland ikatoa stempu zenye michoro yake, stempu bana, mwanamume ameketi na makalio yake unamlamba unambandika kwa barua ya nyanya. (Sawa, zilikuwa za kubandua na kubandika, lakini mmenielewa.)

Huko New York nako kulikuwa na wengine wawili, Charles Leslie na Fritz Lohman, wapenzi, ambao 1969 walitundika kazi za wasanii mashoga kwenye ghorofa lao la SoHo wakaita watu waje waangalie. Watu wakaja. Wakawa wanauza, wananunua, wanatunza. Halafu ukaja UKIMWI, na hapa ndo hadithi inabadilika, manake msanii akifa, au mkusanyaji akifa, familia iliyomtenga maisha yote inaingia kwenye nyumba na mifuko myeusi ya taka. Picha zikaenda jalalani nyingi. Taasisi yao waliisajili 1987, katikati ya moto, na kazi kubwa ilikuwa kuokoa vitu visitupwe. Sa hizi ni Leslie-Lohman Museum of Art, Wooster Street, nimefika, na nilikaa sana mbele ya vichoro vya penseli vidogo kuliko viganja vya mkono, vya watu ambao majina yao sikuwahi kuyasikia.

Kwa hivo intaneti ilipokuja tulidhani basi, posta imeshindwa. Na kwa muda ni kweli. Tumblr ile ya zamani, nani anaikumbuka? Mchoraji anaweka mchoro usiku, asubuhi umezunguka dunia, mtu anamwandikia unauza bei gani, wanalipana PayPal, imeisha. Wachoraji wengi wa umri wangu walipata wanunuzi wao wa kwanza pale. Halafu tarehe 17 Desemba 2018 wakafungia mambo yote ya watu wazima, walisema sanaa itaruhusiwa, lakini anaeamua ni mashine, na mashine haikujua tofauti ya mchoro na sinema. Watu waliamka wakakuta kazi za miaka zimefichwa.

Instagram sheria yake iliyoandikwa inasema uchi kwenye michoro na sanamu ni sawa. Nenda kawaulize wanaochora wanaume wakuambie ile sheria iko wapi siku kazi inapofutwa. Facebook, hao hao, walishawahi kuzuia picha ya sanamu ya Neptune ya Bologna, sanamu ya karne ya 16 iliyosimama katikati ya mji mbele ya watoto na watawa, ati ina mambo ya ngono waziwazi. Baadaye wakaomba radhi. Neptune ana watu wa kumsemea, kijana wa Manila anaechora mpenzi wake akioga hana.

Halafu eBay. Hii iliwaumiza hasa wakusanyaji wazee. Kule ndo kulikuwa soko la mitumba la kila kitu, majarida ya Mizer, picha za miaka ya 50, michoro isiyo na jina iliyotoka kwenye droo za marehemu. Juni 2021 wakafunga sehemu yote ya watu wazima. Playboy na Penthouse, majarida ya wanawake uchi, wakaziacha ziuzwe, ati hazina pozi za kutamanisha! Mimi sijawahi kucheka vile kwenye basi. Watu wa makumbusho walilalamika kwamba historia ya mashoga ipo kwenye vile vijarida, na yale matoleo ya zamani ukitaka kuyapata ulikuwa unapita pale pale.

Lakini kati ya wote mbabe ni kadi, yaani kampuni za kadi za malipo. Hawa hata hamuwaoni. Agosti 2021 OnlyFans walitangaza watafungia mambo ya ngono, jukwaa lililojengwa kwa mambo hayo hayo, wakasema sababu ni mabenki, wiki haikuisha wakarudi nyuma. Oktoba ya mwaka huo Mastercard ikaleta masharti makali kwa tovuti zinazouza mambo ya watu wazima. Julai 2025 itch.io, tovuti ya kuuza gemu ndogo ndogo ambako watengeneza gemu kibao ni mashoga na watu wa trans, ikaficha kila kitu chenye alama ya watu wazima baada ya kubanwa na kampuni za malipo. Sasa wewe una kitovuti chako unauza michoro ya mkaa, wachoraji wako thelathini, asubuhi unapata imeili mistari minne kwamba akaunti yako ya malipo imefungwa kwa sababu ya aina ya bidhaa. Hakuna mtu wa kumpigia. Ile kesi ya 1962 walau kulikuwa na Bwana Day wa kumshtaki, huyu wa kadi utamshtaki nani, hajasema mchoro wako ni haramu, amesema tu hataki pesa yako ipite kwake.

Ndo maana hizi tovuti ndogo mnaziona zina mambo ya ajabu. Mbele wanaweka migongo tu na mapaja, vitu vingine mpaka ujisajili. Wengine wanalipwa kwa benki moja kwa moja. Wengine neno uchi hawaliandiki popote, wanaandika mwili, umbo, anatomia. Mgeni anaona kama utapeli, si utapeli, wanajificha wasionwe na kampuni za kadi.

Zipo za aina nyingi na sitaziorodhesha. Inayojulikana hapa kwetu ni BOYS! BOYS! BOYS! ya Ghislain Pascal, London, hao ni wa picha za kamera, wanauza nakala chache zilizohesabiwa na wana jarida lao pia, na wapigapicha wanatoka nchi nyingi. Tom of Finland Foundation wana duka. Kuna galari za Provincetown, ule mji wa pwani wa Massachusetts ambao mashoga na wachoraji wameugawana miaka na miaka, kiangazi wanauza mlangoni, baridi wanauza onlaini. Na kuna zile za mtu mmoja na kompyuta yake mezani jikoni, na wallahi hizo ndo nazipenda zaidi.

Ngoja niwaambie kwa nini, kwa mfano wa mzee mmoja mteja wetu. Alileta vitu viwili siku moja. Cha kwanza kimetoka kwenye soko kubwa la onlaini linalouza kila kitu kuanzia vikombe mpaka makochi, mchoro wa mkaa, mwanamume amekaa ukingoni mwa kitanda, mzuri sana, mzuri mno. Ulikuja umekunjwa ndani ya bomba la kadibodi. Mkaa! Tulipouvuta nje kukatoka vumbi jeusi likamwagika mezani, na lile vumbi ndo lilikuwa bega la kushoto. Hakuna jina la mchoraji zaidi ya jina la akaunti, hakuna mwaka, hakuna kitu. Mzee aliangalia akanyamaza.

Cha pili kimetoka kwa kitovuti cha mtu mmoja. Kimelala flati kati ya mbao mbili nyembamba, juu yake karatasi ile laini inayoteleza isiyonata na mkaa, pembe nne zimeshikwa na vipembe vya karatasi bila gundi hata tone. Ndani kuna kadi imeandikwa kwa mkono: jina la mchoraji, mwaka, karatasi ya pamba, mkaa wa mti wa mwerebi, haujapuliziwa dawa ya kushika, tafadhali usitumie plastiki. Hio ya mwisho ilinifanya nitabasamu manake ni mambo yetu ya mafundi. Ukiweka akriliki badala ya kioo mbele ya mkaa, ile umeme inayosimamisha nywele ukivua sweta inavuta unga wa mkaa kutoka kwenye karatasi taratibu, baada ya miaka mtu wako amehamia kwenye plastiki. Kwa hivo kioo, na kati ya kioo na karatasi unaacha nafasi kwa vipande vya pembeni visivyoonekana. Aliyeandika ile kadi anajua picha, na anamjua aliyeichora, na anajua itaenda kwa fundi ambae huenda hajui.

Mzee akaniomba kitu kingine. Ile kadi na risiti nizitie kwenye bahasha nizibandike nyuma ya fremu, kwenye ubao wa mgongoni, na nje niandike jina la mchoraji kwa herufi kubwa. Nikamwambia sawa, ila si utaikumbuka wewe mwenyewe? Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mpwa wangu, siku ya kumwaga nyumba, ajue hii haiendi kwenye mfuko wa taka. Alikuwa New York miaka ile ya 80, alisema hivo tu, sikumuuliza zaidi.

Kwa hivo mkiniuliza mnalipia nini kwenye tovuti ndogo ile komisheni, jibu ni hilo, mnalipia mtu anaejua jina la mchoraji na atalijua bado miaka kumi ijayo. Galari za ukutani nyingi huchukua nusu ya bei, hizi ndogo nyingi zinachukua chini ya hapo. Etsy, lile soko la onlaini la vitu vya mkono, ni asilimia 6.5 tangu 2022, ukiongeza malipo mengine madogo madogo, na wauzaji waligoma walipoipandisha kutoka 5. Rahisi, ndio. Lakini Etsy haitakuambia usitumie plastiki.

Haya, nisiwasifie kupita kiasi, kuna mambo yananikera.

La kwanza, wanaume wote ni wale wale. Ukizunguka tovuti tatu utadhani mashoga wote duniani wana miaka ishirini na sita, tumbo la vipande sita na hawana nywele mwilini. Kinachouzika kinaita kingine, mchoraji anaona kifua kimeuzwa anachora kifua. Tumetia fremu vifua mpaka nimechoka kuviona, na siku mtu akileta mwanamume wa miaka hamsini mwenye kitambi anasoma gazeti duka zima tunasimama kuangalia. Patrick Angus alikuwa anachora hivo, wanaume wapweke kwenye kumbi za New York wanaangalia vijana wakivua nguo jukwaani, na anaowachora vizuri zaidi ni watazamaji, mabega yameanguka, macho hayajui pa kwenda. Hakuna aliyetaka, walitaka misuli. Aliishi maskini, David Hockney, yule mchoraji maarufu wa Uingereza, akanunua kazi zake kadhaa mwishoni mwishoni, akafa na UKIMWI 1992, ana miaka 38. Maonyesho makubwa ya kumkumbuka yakafanywa Stuttgart 2017. Nawaza angekuwepo leo angepandisha zile picha kwenye hizi tovuti zetu, si ajabu angeambiwa haziendani na ladha ya wateja.

(Na hapo juu kabisa mambo ni mengine, Hockney huyo huyo picha yake ya wanaume wawili na bwawa la kuogelea ilienda dola milioni 90.3 kwenye mnada wa Christie's Novemba 2018. Wale hawahitaji kitovuti cha mtu jikoni. Kati ya milioni tisini na mchoro wa pauni mia na hamsini kuna jangwa, na wachoraji wengi wanaishi humo jangwani.)

La pili linanikera zaidi, kuuza mateso. Kuna tovuti, sizitaji, ukibonyeza msanii wa Afrika au wa Mashariki ya Kati, kabla hujaona mchoro unakutana na hadithi: alifukuzwa, alipigwa, anajificha. Mchoro uko chini huko. Mzungu anasoma, anasikitika, ananunua, anajisikia vizuri. Mchoro wenyewe hakuuangalia. Na mchoraji wa Paris jirani yake kwenye ukurasa ule ule ameandikiwa alisoma wapi na anatumia rangi gani, basi. Kwa nini na huyu wetu asiandikiwe anatumia rangi gani?

Na zaidi ya adabu, ni hatari. Sheria ya Uganda ya 2023 ina kosa la kueneza ushoga, kifungo mpaka miaka ishirini. Sasa unamwekea mtu wa Kampala jina, sura na hadithi ya maisha yake kwenye tovuti inayofunguka dunia nzima, chini yake umeandika bei? Mwenye tovuti yuko Brighton, analala vizuri.

Ndo nafika kwa yule mchoraji wa nyumbani. Sisemi ni mji gani. Anachora wavuvi na wapagazi, wanaume wamevua mashati wanavuta nyavu, wanabeba magunia, migongo hasa, anaijua migongo kama mtu anaejua njia ya kwao. Vitu ambavyo ukivipeleka kwa mtalii pale karibu na Fort Jesus atanunua bila kuwaza chochote, Wakamba wa Changamwe wanachonga morani nusu uchi miaka yote na hakuna aliyeita polisi. Lakini yeye anajua anachora nini, na anataka kinunuliwe na mtu anaejua. Nimemwelewa sana.

Akaniuliza, kaka, lazima niseme mimi ni nani ndo wanikubali? Manake fomu ya tovuti moja ilitaka bio, picha ya uso, na mistari mitano kuhusu safari yako kama msanii kwia, yaani shoga. Nikamwambia huyo mruke, tafuta anaekubali herufi mbili za jina na mji usiotajwa, wapo, na wa maana hawatakuuliza mara ya pili. Laaksonen alitumia Tom miaka na miaka na hakuna aliyesema mchoro umepungua.

Pesa ndo ngoma. Ukiwa Kenya PayPal unaweza kuitoa mpaka M-Pesa, Tanzania kwa miaka mingi PayPal ni ya kulipia tu, kupokea huwezi, kwa hivo watu wanapitisha kwa ndugu aliye nje, na hapo ndugu naye anakuwa mtu wa katikati, na ndugu huwa wanauliza hizi pesa za nini. Kama ndugu ni mimi siulizi.

Na kuna mwingine aliniuliza kinyume chake, yeye yuko Nairobi anataka kununua za huku zipelekwe kule. Huyo nimemwambia afikirie. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina orodha ya vitu marufuku kuingiza, na humo kuna michoro na machapisho ya aibu, imeandikwa wazi, na anaeamua kipi ni cha aibu ni ofisa aliyefungua boksi lako siku hio na mudi yake. Mgongo utapita. Mengine sikuhakikishii. Kuja huku ni rahisi, mchoro wa asili uliochorwa kwa mkono unaingia Uingereza kwa kodi ya asilimia 5 badala ya 20, mradi karatasi za forodha zimeandikwa mchoro wa asili na si bidhaa ya mapambo, na hapo watu wengi wanakosea wanaandika zawadi, wanashikwa.

Basi nimemwambia atume miwili ya kwanza kwangu nimpelekee mwenye kitovuti kwa mkono, yule wa ile kadi ya usitumie plastiki. Midogo, isizidi karatasi ya A4. Flati, asikunje, asithubutu kutia kwenye bomba. Wavuvi, sio wapagazi, wapagazi aje nao baadaye bei ikishapanda. Nyuma aandike mwaka na zile herufi mbili kwa penseli laini, asibonyeze, na asitumie kalamu ya wino hata kama ndo iliyo karibu, manake wino wa bei rahisi unapenya mpaka mbele na mimi sina dawa yake.